Ndege Aliyoifunga Eulalia

Wageni wakija kwetu hulia. Wanashuka kwenye basi lenye kiyoyozi, wanaziona ndege kuukuu zimepangwa mchangani mpaka macho yanapokoma, nyingine hazina injini, nyingine hazina pua, na mtu mzima na akili zake anatoa leso. Nimezivuta ndege hizo kwa trekta kwa miaka mingi hapa Arizona, na sijawahi kumwona mgeni hata mmoja akimwonea huruma Eulalia Montijo. Naye alikuwa amechoka kuliko ndege zote zile.

Kazi yake ilikuwa kuziba. Ndege haiachwi jangwani hivi hivi, hata ile inayongoja kukatwa. Vumbi litaingia, nyuki watafanya makao kwenye mabomba, bundi watataga kwenye injini. Kwa hiyo Eulalia hufunika madirisha kwa karatasi za aluminiamu, huziba kila tundu kwa tepu nyeupe, kisha hufunga mlango kwa bolti kutoka nje. Vishikio vya ndani huwa vimeshang'olewa kuwa vipuri, na hata vioo vya mbele kwa rubani vimetolewa na kuwekewa mabati. Ndege ikishafungwa na Eulalia, hatoki hata panya.

Ndiyo maana tuna desturi yetu. Kabla ya kufunga, mfungaji huingia akatembea kutoka mlangoni mpaka mkiani na kurudi, akipiga makofi na kubisha hodi. Watu wa hapa tuna ugonjwa mmoja, kulala ndani ya ndege. Tunaanza kazi kabla jua halijatoka, na ikifika saa mbili asubuhi mtu amekwisha. Humo ndani mna kivuli na viti laini. Eulalia amewatoa wengi usingizini kwa makofi yake, pamoja na mimi, na mimi alinitoa kwa kofi la shavuni.

Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini na kitu, mabega mapana, kofia ya majani kichwani na kitambaa chini ya kofia. Ukimuuliza habari za asubuhi hasemi nzuri. "Nimechoka, Cuco. Wewe je?" Alikuwa amelea watoto wanne na wajukuu wawili ambao mama yao hakujishughulisha nao, na jioni alikwenda kusafisha kanisa. Mumewe, Anselmo, alikuwa mng'oa viti. Ndege zinazongoja kukatwa, yeye ndiye aliyezitoa viti, akiwa peke yake na spana zake. Miaka nenda miaka rudi walikuja kazini kwa pikapu moja.

Kiangazi kile walikuwa wamenuniana. Anselmo alimwambia binti yao Maribel, anayekaa California, kwamba ikifika Krismasi wataacha kazi na kuhamia kwake. Hakumuuliza mkewe. Eulalia alizisikia habari hizo kwa Maribel mwenyewe, kwenye simu, akiambiwa kwamba chumba chao kimeshapakwa rangi. Hakufoka. Alikata simu, akampa mumewe kisogo, na tangu siku hiyo hakumsemesha. Anselmo naye, ambaye alitegemea kushukuriwa, akashupaa. Alisema mwenye kosa ni aliyenuna kwanza.

Posta yao nikawa mimi.

"Cuco, mwambie huyo mzee aseme funguo za gari ameziweka wapi."

Huyo mzee mwenyewe yuko hapo hapo, anakunywa kahawa.

"Mzee Anselmo, mama anauliza funguo."

"Mwambie zipo pale zinapokaa siku zote. Angekuwa na macho angeziona."

"Mwambie macho ninayo, ndiyo yaliyonitia hasara. Niliona suruali nikadhani nimepata mume."

"Jamani," nikasema, "hivi nyinyi hamchoki?"

"Tumechoka!" wakajibu wote wawili kwa pamoja. Kisha kila mmoja akakasirika kwamba wamekubaliana, wakaondoka, huyu kushoto, huyu kulia.

Tulicheka. Lakini mimi niliyekuwa katikati niliona kwamba mzaha ulikuwa unaisha. Mwanzoni Eulalia alikuwa na ulimi, kila siku ana neno jipya la kumchoma mwenzake. Ilipofika Agosti aliniambia tu, "Mwambie tunaondoka," akapanda garini. Hata kununa kunataka nguvu, naye nguvu zilikuwa zimemwishia.

Na kulikuwa na jambo la goti. Mwezi wa Juni aliteleza kwenye ngazi ya kupandia ndege, akaangukia goti la kulia juu ya chuma. Nilikuwepo, nilimnyanyua mimi. Goti lilivimba likawa limejaa suruali. Nikamwambia aende hospitali, au angalau amwambie mumewe.

"Ole wako umwambie!" akasema. "Nimpe ushindi? Atasema si unaona, nilisema tuhame, umeshakuwa kikongwe. Funga domo lako, Cuco."

Nikalifunga. Akawa analizungushia bandeji chooni kila alfajiri, anatembea taratibu, na akimwona Anselmo kwa mbali anajinyoosha kama askari.

Siku yenyewe alikuja mgeni mmoja, mama wa kizungu jina lake Verna Kessler, mhudumu wa ndege wa zamani. Alikuwa ameandika mara nyingi akiomba kuiona ndege aliyofanyia kazi, na msimamizi wetu akamkubalia. Ndege yenyewe Eulalia alikuwa ameifunga jana yake tu. Akaambiwa aifungue.

"Naifunga, naifungua, naifunga," aliniambia huku akitoa bolti. "Siku nikifa watanifukua niwaonyeshe tepu iko wapi."

Mama Verna aliingia, akapita akigusa migongo ya viti kimoja kimoja, kisha akakaa kwenye kile kiti kidogo cha mhudumu karibu na mlango na, kama kawaida yao, akaanza kulia. Eulalia alisimama mbele yake ameegemea ukuta, uzito wote kwenye mguu mmoja.

"Hapa nimesimama nusu ya umri wangu," mama yule akasema. "Miguu ilikuwa inawaka moto. Na siku zote natakiwa nicheke."

"Pole, mama. Leo kaa. Wala usicheke, hakuna abiria."

Mama Verna akacheka kwelikweli. Walibaki hapo, wazee wawili, mpaka mgeni akaona haya kumchelewesha mwenzake. Eulalia akamsindikiza mpaka kwenye basi, na kwa goti lile hiyo ilikuwa safari.

Wakati huo ndipo Anselmo alipopita. Ndege ile ilikuwa zamu yake wiki inayofuata, akaingia kuvitazama viti. Akaviona vile vitatu vya safu ya mwisho, mkono wa kulia, akajilaza. Hakuna aliyemwona akiingia. Sote tulikuwa tumeinamia kazi zetu.

Eulalia alirudi. Nilimwona kutoka kwenye trekta akipanda ngazi, kila kidato anakikanyaga kwa miguu yote miwili. Akafika mlangoni, akapiga makofi.

"Hodi! Kuna mtu humo?"

Hakuna aliyeitika. Akabaki ameshika kizingiti, anatazama ndani. Njia ya katikati ni ndefu katika ndege zile, na kwa madirisha yaliyofunikwa mkiani mlikuwa na giza. Alikuwa ametoka humo sasa hivi, akaiona ndege tupu kwa macho yake.

"Hodi!" akaita tena. Akangoja kidogo. Kisha akavuta mlango, akakaza bolti, akazungushia tepu.

Jua lilipanda. Upande wa pili wa uwanja lile dude la kukatia lilikuwa linatafuna ndege nyingine, na likianza kutafuna, mtu akikuita sikioni humsikii. Sote tulikuwa tumeziba masikio. Bati la ndege juani hukaanga yai, hilo kila mtu kwetu ameshalijaribu. Ndani ya ndege iliyofungwa hewa haiendi popote.

Mwezi wa Agosti tunaacha kazi kabla ya adhuhuri, maana baada ya hapo watu huanguka. Wenzetu wakaondoka. Eulalia akakaa kwenye pikapu, upande wa dereva, injini inanguruma, anangoja. Anselmo haonekani. Nikamwendea dirishani.

"Nimtafute mzee?"

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nauliza tu."

"Amepanda gari la mtu. Anataka nizunguke uwanja mzima nikiuliza mume wangu yuko wapi, watu wanicheke. Simtafuti. Akitaka gari, gari ndilo hili."

Akatia gia. Kabla hajaondoka akanyoosha mkono nyuma kutafuta maji kwenye sanduku la barafu, akalifungua, akasita. Akatoa burito mbili zimefungwa vizuri, chapati zilizoviringishwa maharage na mayai, zile alizompikia Anselmo alfajiri. Pamoja na kununa kote huko hakuacha kumpikia, na yeye hakuacha kula. Saa tatu ikifika lazima aje garini azichukue. Alikula hata siku aliyomzika mama yake mzazi.

Eulalia alizishika mkononi, akazitazama. Kisha akainua macho, akaitazama ile ndege. Nikamwona rangi inamtoka.

Sijawahi kumwona mtu wa umri ule akikimbia hivyo. Alikimbia huku mguu mmoja ukiburuzika, kofia ikaanguka, hakugeuka.

"Cuco! Spana! Lete spana!"

Nilipofika na spana alikuwa juu ya ngazi anaichana tepu kwa kucha, anabamiza mlango kwa kiganja, na chuma kile kilikuwa cha moto hakishikiki. "Chemo! Chemo!" Hilo ndilo jina alilomwita nyumbani, nami sikuwa nimelisikia tangu wanuniane. Bolti ya mwisho ilipotoka tukavuta mlango, na joto likatupiga usoni tukarudi nyuma.

Anselmo alikuwa sakafuni, nyuma ya mlango, kifua wazi, vidole vimechubuka kwa kugonga. Alikuwa anapumua. Nisikuwekeni roho juu, mzee alipona, ingawa figo zake hazikurudi kama zamani. Lakini pale hatukujua. Tulimshusha ngazi mimi nikishika mabega, Eulalia akishika miguu, tukamlaza chini ya bawa. Nikapiga simu gari la wagonjwa lije. Eulalia akakaa mchangani, akamweka kichwa mapajani, akamlowesha midomo.

Baada ya muda akafumbua macho.

"Nilikusikia," akasema. Sauti ilikuwa imebaki pumzi tu.

"Usiseme. Kunywa."

"Ulipobisha hodi. Nilikuwa macho, nilikusikia."

Mkono wa Eulalia ukasimama na chupa hewani. "Ulinisikia?"

"Mara zote mbili."

"Mbona hukuitika?"

"Nilijua utaingia. Huwa unaingia mpaka mkiani." Akameza mate yasiyokuwepo. "Nikasema, acha anikute. Akinikuta atanifokea. Itakuwa yeye ndiye aliyeanza kusema."

Nilidhani atamzaba kofi. Mimi ningemzaba. Eulalia alishusha chupa tu.

"Sikuweza kufika mkiani, Chemo. Goti lilikataa."

"Goti gani?"

"La kulia. Nilianguka kwenye ngazi."

"Lini?"

"Juni."

 Wanalala kitanda kimoja. Wanakaa bega kwa bega kwenye ile pikapu kwenda na kurudi, kila siku ya Mungu. Mkono wa Anselmo uliochubuka ukapapasa mchangani, ukapanda kwenye suruali ya mkewe, ukalipata goti. Akaligusa juu ya bandeji, akauzunguka ule uvimbe wote taratibu kwa vidole, upande huu na upande huu. Eulalia akauma meno kwa maumivu, lakini hakuuondoa ule mkono.

Hapo uso wa mzee ukakunjamana, mabega yakaanza kumruka. Alikuwa analia, na hata chozi moja halikutoka, maana mwili haukubakiwa na maji. Eulalia akainamisha chupa akamwagia maji usoni, kidogo kidogo, akimpangusa macho kwa kidole gumba, mpaka gari la wagonjwa lilipofika.