Kiti Hiki Kina Mtu

Akoth hushona mifuko ya suruali katika kiwanda kimoja cha nguo Eneo la Viwanda Thika. Anaishi Gatongora, anaimba kwaya kanisani, hana ugomvi na mtu. Kinachowashangaza wenzake ni saa ya chakula. Wengine wakifungua mikebe ya githeri na kuanza kuwachambua waume wa watu, yeye huegemeza simu kwenye chupa ya maji na kutazama rolakosta.

Kama hujawahi kuiona, rolakosta ni treni ya starehe. Inapandishwa polepole juu ya reli mpaka kileleni, halafu inaachiliwa iporomoke na watu wake wakipiga mayowe waliyoyalipia. Akoth anazijua kwa sura na tabia. Hii, atakuambia, huwageuza watu kichwa chini miguu juu. Ile ina mteremko wa kukunyanyua kitini hadi mwili utangulie na roho ifuate baadaye. Wangechi, anayeshona kwenye cherehani ya jirani, humjibu kwamba mwenye akili timamu hakipangii kifo foleni. Akoth hucheka. Ila kuna siku Wangechi alimkuta akitazama video hizo macho yamelowa, na alipomuuliza kulikoni, Akoth akasingizia vumbi la pamba.

Mapenzi haya alirudi nayo kutoka Uarabuni miaka minane iliyopita. Huko alikuwa mfanyakazi wa nyumbani kwa miaka sita, na sehemu kubwa ya kazi yenyewe ilikuwa mtoto mmoja aitwaye Hamdan. Baba alikuwa mtu wa safari. Mama alikuwa mwoga wa kwenda juu, hata ngazi ya kubadilishia balbu hakuisogelea. Mtoto naye alikuwa hana analolipenda duniani kama rolakosta, na sheria ya kule ni kwamba mtoto mdogo hapandi bila mtu mzima. Basi Akoth akapandishwa. Mara ya kwanza alisali kwa Dholuo kutoka mwanzo wa reli hadi mwisho. Mara ya tatu alikuwa anamvuta Hamdan mkono wakimbilie kiti cha mbele.

Mkanda ulikuwa mkubwa kwa yule mtoto, kwa hiyo Akoth alikuwa akimpitishia mkono kifuani kama komeo la mlango. Hamdan naye aliushika mkono huo kwa mikono yake yote miwili. Treni ikifika kileleni, kabla haijaanguka, mtoto alisema neno moja la Kiswahili alilofundishwa jikoni: "Shika." Akoth akamjibu: "Nimeshika." Halafu dunia inawaachia.

Mkataba ulipokwisha, mama mwenye nyumba alikata tiketi ya ndege ya asubuhi, saa ambayo mtoto yuko shule. Alisema ni vizuri hivyo, asilie. Akoth alimfungia Hamdan chakula chake siku hiyo, akamfunga viatu, akamwambia wataonana mchana. Wanasema damu ni nzito kuliko maji, na sibishi, lakini waliosema hivyo hawakumfunga viatu mtoto wa mtu kwa miaka sita kisha wakamdanganya mlangoni. Tangu siku hiyo Akoth huwaambia watu kwamba anachokikosa ni rolakosta. Alikuwa amejiambia hivyo mara nyingi mpaka mwenyewe akaamini.

Sasa basi, mwaka huu upande wa Mugutha pakafunguliwa bustani ya michezo iitwayo Kilele. Mabango yakabandikwa kila nguzo ya Ruiru, na katika kila bango palikuwa na rolakosta nyekundu iliyojikunja angani mara mbili. Akoth alisimama mbele ya bango hilo mpaka mwenye duka akamuuliza kama kuna mtu anamngojea. Akamwomba Wangechi waende pamoja. Wangechi akasema roho yake bado anaipenda, na amfikishie salamu zake huko juu. Akoth akaomba ruhusa ya siku moja katikati ya wiki. Alikuwa anazijua foleni za kule Uarabuni, na alitaka kuzikwepa.

Foleni hakuikuta. Alikuta lango lenye soja mmoja mzee anayepigana na usingizi, kibanda cha chipsi, jumba la hewa la kurukia watoto lililolala upande mmoja, na spika inayoimba nyimbo za injili kwa nyasi. Akauliza rolakosta iko wapi. Soja, aliyeitwa Muthoka, akanyoosha rungu. Akoth akatazama rungu lilikoelekea, akatazama tena, akidhani ameelekezwa vibaya.

Ilikuwa kiwavi. Kiwavi cha kijani chenye macho ya plastiki, jicho moja limeng'oka, kwenye reli iliyozidi kidogo tu paa la nyumba ya mabati. Kilima kimoja, mteremko, kilima kingine kifupi, kona, basi. Ile nyekundu ya kwenye bango ilikuwa imechukuliwa tu kwenye mtandao na mtu asiyeogopa Mungu. Akoth alihisi uchungu wa mtu aliyeoga na kuvaa vizuri kuja kulia. Angeweza kurudi nyumbani. Lakini mwenye kiu ya miaka hachagui kikombe, akaenda akapanda kiti cha mbele.

Kijana wa mitambo, Githae, alimwamkia kwa adabu kisha akampa habari mbaya. Kiwavi hakiendi kikiwa na mtu mmoja. Kikiwa chepesi, hakina nguvu ya kuvuka kile kilima cha pili, hukwama pale kwenye bonde, na mara ya mwisho walilazimika kukisukuma. Viti ni vinane, na vyote lazima vijae. Akamwomba angoje, subira huvuta heri. Akaangalia kiti kilichokuwa kando yake, ambacho Akoth alikuwa amekiwekea mkoba.

"Mathe, hii iko na mtu?"

"Kiti hiki kina mtu," Akoth akasema.

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria, kama linavyowatoka watu wanaowekeana nafasi kanisani siku ya harusi. Githae akakubali. Akoth akabaki amefungwa mkanda ndani ya kiwavi kilichosimama, jua likimpiga utosini, mkono umetulia juu ya mkoba. Alijua vizuri kwamba hakuna mtu. Lakini kadiri alivyokaa ndivyo alivyoshindwa kuuondoa, na mara kwa mara alijikuta akitazama langoni.

Watu walikuja kidogo kidogo. Kwanza wapenzi wawili wa chuo, waliokuja kujipiga picha. Kisha mama mmoja aitwaye Kui na binti zake wawili. Githae alipoona siku inaisha, akamwita dada wa chipsi aache karai aje akae nyuma. Hapo viti saba vikawa na watu, na cha nane kikawa na mkoba.

Watu wakaanza kugeuza shingo. Binti mmoja wa Kui akauliza mbona hatuendi, na mama yake akamwambia kwa sauti ya kusikika na wote kwamba kuna mtu tunamngoja. Githae akaja, akainama kando ya Akoth.

"Mathe, huyo mtu wako ako karibu? Nimpigie simu?"

Akoth akatazama lango. Akahesabu kichwani, akaona kwamba Hamdan sasa ni kijana, pengine ndevu zimeanza kumtoka. Urefu wake unatosha kupanda peke yake. Mkanda unamtosha. Popote alipo, hakuna sheria inayomtaka Akoth tena, na huenda hata jina lake amelisahau. Jambo hilo alikuwa amelikimbia kwa miaka, na likaja kumpata ndani ya kiwavi, Mugutha, macho ya watu wote yakiwa mgongoni mwake.

"Hatakuja," akasema. Akauinua mkoba, akaupakata.

Githae akanyooka. Akapiga mluzi kuelekea langoni, na Muthoka akaja akijikokota. Alikuwa amelinda mahali hapo tangu siku ya kwanza na hakuwahi kupanda kitu. Akavua kofia, akalibana rungu katikati ya magoti, akakaa kando ya Akoth akinuka ugoro na sweta la sufi. Akasema kwa upole kwamba yeye amewahi kuwa jeshini, mambo haya ya watoto hayamsumbui.

Kiwavi kikaanza kupanda, kikilalamika kila hatua. Kutoka juu, Akoth aliona mabati ya Mugutha, maghorofa yasiyokwisha kujengwa, na magari ya Thika Road yaking'aa kwa mbali. Halafu kikaporomoka. Haukuwa mteremko wa maana, kitanda kibovu kinakuangusha zaidi. Lakini mkono wa Akoth haukungoja kupewa ruhusa. Ulitoka wenyewe, ukapita kifuani kwa yule mzee na kumkaza kitini.

Kiwavi kikatua bondeni. Akoth akaona aibu, akataka kuurudisha. Ndipo akagundua kwamba Muthoka ameushika kwa mikono yake yote miwili. Moyo wa mzee ulikuwa unagonga chini ya sweta kama mtu aliyefungiwa nje.

"Mama," akasema bila kumtazama, "kwani kuna kilima ingine?"

"Iko."

"Basi usitoe mkono."

Kilima cha pili kilikuwa kinawajia, kidogo na cha kuchekesha. Machozi yalikuwa yanamtiririka Akoth, na hapakuwa na vumbi la pamba la kusingizia.

"Nimeshika," akasema.