Suti ya Bombambili Ufini

Chekeni, lakini ni mimi, niliyeacha shule darasa la tano, niliyefika Ufini. Nilialikwa na Pekka, aliyewahi kuchimba visima Madaba, kwenye mji wao mdogo wa ziwani.

Jioni akaniambia, "Kaka, baba anakungoja kwenye kile kijumba kando ya ziwa."

Nikajua mzee ananipokea rasmi, na heshima ya Songea nzima inanitegemea. Nikavaa tai na suti ya mtumba iliyopunguzwa na fundi wa Bombambili, nikabeba kahawa ya Mbinga. Nikaingia nimeinamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Mvuke wa moto ukanipiga. Nikainua macho: mzee yuko uchi, na Pekka vilevile.

Mzee akasema neno, Pekka akatafsiri: "Marahaba. Anauliza, suti nayo inaoga?"