Mnada wa Ng'ombe Juu ya Makaburi ya Wazazi Wangu

Admin, nifichie jina. Majina mengine yaliyomo humu nimeshayabadilisha mwenyewe. Mimi ni mzee wa miaka sabini na minne. Nilizaliwa Kwaluguru, Handeni, ila nimezeekea Ngombezi, hapa Korogwe, kwenye kambi za mkonge. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Nilipokuwa kijana tulihamishwa kutoka shamba la ukoo wetu ili tukae kwenye kijiji cha pamoja. Nyumba zikabomoka, pakabaki mahame. Baba amezikwa pale, na mama aliomba alazwe kando yake. Mimi nikaja huku kukata mkonge, baadaye nikaingia kiwandani, na kila mwaka nilisema mwakani narudi. Makaburi yale hayana alama tena. Minyaa tuliyoipanda ilikauka, mawe wakayachukua watu wa kujenga. Waliokuwa wakiyajua wamekufa wote, nimebaki mimi.

Uchaguzi huu mpwa wangu, nimwite Hassani, aligombea udiwani kule Kwaluguru. Mpinzani wake alikuwa kijana wa wafugaji, nimwite Kisioki. Ugomvi wao ulikuwa mnada wa ng'ombe. Kisioki aliahidi kuuleta karibu, na eneo lililotajwa ni mahame yetu. Hassani aliahidi kuuzuia. "Mjomba, nikipita, hakuna kwato itakayokanyaga pale," aliniambia. Mimi nilijiandikisha kupiga kura Ngombezi ninakoishi, kwa hiyo nilichoweza kumpa ni dua.

Usiku wa matokeo nilikaa kwenye mgahawa wa Mama Mwantumu, kwa sababu ndiye mwenye televisheni. Walikuwa wanasoma urais, mkoa baada ya mkoa, kisha majimbo ya mijini. Kwaluguru haikutajwa hata kwa bahati mbaya. Vijana nao walikuwa wanafuatilia udiwani wa hapa kwetu, ambako wagombea wawili walikuwa wanapishana kidogo tu, na kila bodaboda anayefika ana hesabu yake. Nikaomba wapunguze sauti nisikie simu.

"Mzee, matokeo ya kwenu yanakuja na mkokoteni," mmoja akasema. "Na kura si umepiga hapa? Shangilia ya hapa bana!"

"Mwacheni," Mama Mwantumu akadakia. "Chai yangu anakunywa tangu hamjazaliwa, na bado anajiona mgeni."

Hatimaye simu ikaita. Ni Hassani, nyuma yake vigelegele. "Mjomba, tumemaliza kazi! Naongoza. Kimebaki kituo kimoja tu, cha kule kwa wafugaji, na wale huwa hawajitokezi, wako na mifugo yao." Nilisimama, mzee mzima, nikawatangazia watu kwamba nyumbani tumeshinda. Nikaagiza chai na maandazi kwa kila aliyekuwepo.

Kisha mtandao ukakatika. Nikapiga, nikapiga tena, mteja hapatikani. Hassani alipopatikana, vigelegele havikuwepo. Wafugaji walikuwa wamejitokeza. Akina mama wao walitembea tangu alfajiri, wakapanga foleni na watoto mgongoni. Mpwa wangu ameanguka kwa kura kumi na moja.

"Kumi na moja, Mjomba!" alifoka. "Wewe, wanao na wakwe zako mngejiandikisha huku, leo tungekuwa tunaongea mengine. Mmekaa huko mnawachagulia Wasambaa diwani!"

Na diwani niliyempa hiyo kura hapa Ngombezi naye alianguka. Mama Mwantumu akanitazama kwa huruma, akasema, "Pole, mzee wangu. Ila chai tumeshakunywa, hairudi kwenye birika."

Ningekuwa nimeshaanza kusahau kama Kisioki asingenipigia wiki iliyofuata. Namba yangu alipewa na imamu wa kijijini.

"Shikamoo mzee. Mimi ndiye Kisioki, diwani."

"Marahaba," nikajibu kwa ukali.

"Nimeambiwa wazazi wako wamelala pale mahameni, na anayepajua ni wewe peke yako. Mnada siwezi kuuondoa, mzee, ndio walionichagulia. Lakini siwezi kuswaga ng'ombe juu ya baba wa mtu. Njoo unionyeshe, nipazungushie wigo kabla watu hawajaanza kufyeka."

Nilikuwa nimemchukia kijana yule kwa wiki nzima, na sasa hasira sikujua niipeleke wapi. Nikampigia Hassani kumweleza. Hakuningoja nimalize.

"Ukimwonyesha tu, kesho atasema wazee wa ukoo wameridhia! Mimi mnada huo naupinga mpaka mwisho. Ukija kwa ajili yake, Mjomba, kwangu usipite. Na siku yako ikifika, usinitegemee kukuchimbia kaburi."

Neno hilo ndilo linaloninyima usingizi. Hassani ndiye ndugu pekee niliyebakiwa naye kule, na mimi nimeshawausia wanangu kwamba nikifa nilazwe mahameni, upande wa miguu ya mama. Mke wangu anasema, "Nenda, baba, yule mtoto atapoa." Yeye hamjui Hassani. Ana kaka yake wa tumbo moja, siku hizi amehama kule; waligombana kwa sababu ya mpaka wa shamba, na mpaka leo hawasalimiani hata msibani.

Nikienda, wazazi wangu watapata wigo, na mimi nitakosa mwenyeji wa kuwapokea wanangu waje kunizika kando yao. Nikikaa, nitabaki na mpwa wangu, na masika moja tu ya kwato itatosha kunifanya hata mimi nisipatambue pale. Hassani anasema nisubiri, mnada hautakuja. Ndivyo alivyosema pia juu ya kile kituo cha mwisho.

Kufyeka kunaanza mvua zikikatika, na huku tayari zimepungua. Nauli ninayo, miguu bado inanibeba. Ninyi wenye wazazi waliolala mashambani, mngekuwa mimi mngepanda gari la Handeni au mngekaa? Nijibuni mapema, wanangu, kabla mapanga hayajafika pale.