Fahali wa Tadicha, Nakala Ishirini na Tano

Jumanne asubuhi Hudson alitundika karatasi ya mwisho kwenye kamba, akarudi nyuma hatua tatu, akajipongeza kimoyomoyo. Fahali yule yule mara ishirini na tano, mwekundu kama vumbi la Minjila, pembe moja imelegea, macho yamechoka. Rangi nne, fremu nne, wala hapakuwa na alama ya kidole hata ukingoni.

Hudson alikuwa Mpokomo wa Idsowe. Shamba lake la mpunga lilikuwa limezama katika mafuriko ya mwaka wa tisini na saba, naye akahamia Garsen na fremu zake za mbao zilizowambwa hariri, akichapa nembo za shule kwenye mashati na majina ya wenye maduka kwenye magunia. Mtambo wake ulikuwa jua. Alipaka hariri dawa, akalaza juu yake mchoro wa wino mweusi kwenye plastiki inayopitisha mwanga, akafunika kwa kioo, akaanika. Dawa iliyopigwa na jua iliganda. Iliyofichwa na wino iliondoka kwa maji, na hapo ndipo rangi ingepita.

Kazi hii alipewa na Lavender, mchoraji wa Nairobi, aliyekaa majuma mawili malishoni akimchora fahali wa Mzee Tadicha, Muorma wa Minjila. Karatasi zilikuwa nzito, za pamba, zimetoka ng'ambo.

"Ishirini na tano tu," alikuwa amesema. "Kila moja nitaitia namba na sahihi. Halafu unaosha fremu mbele yangu. Ya ishirini na sita haipo duniani."

Angezifuata Jumatano kwa basi la Malindi, maana maonyesho yake yangefunguliwa Jumamosi. Zikimpendeza, angewaleta wachoraji wenzake. Hudson alikuwa ameshaanza kuota chumba chenye sakafu ya saruji.

Mchana ule ule Mzee Tadicha akaja kumwona mnyama wake. Alisimama mbele ya kamba muda mrefu, fimbo imelala mabegani.

"Vipi, mzee? Mzuri?"

"Mzuri sana. Lakini hii ng'ombe ya Roba."

Hudson akacheka. "Usinitanie. Si hii hapa pembe yake?"

"Chapa iko ubavu gani?"

Hudson akatazama. Duara lenye mkia, lilivyochomwa kwa chuma. "Kulia."

"Mimi nachoma kushoto. Baba yangu alichoma kushoto. Baba ya Roba, ndugu yake, chuma kile kile, kulia." Akageuka. "Nyinyi Wapokomo mkiona ng'ombe mnaona nyama na mbolea!"

"Na nyinyi mkiona mpunga wetu mnaona majani," Hudson akajibu, macho yakiwa bado kwenye chapa. Alikuwa ameelewa. Plastiki zote nne alikuwa amezilaza kifudifudi, na picha nzima ikageuka, kulia ikawa kushoto. Nembo ya shule ingemzomea papo hapo kwa herufi zake. Ng'ombe hana herufi, au ndivyo alivyodhani.

Tena huyu hakuwa ng'ombe wa hivi hivi. Mafuriko yalipochanganya mifugo kwenye kisiwa cha nchi kavu, Roba alimdai fahali huyu kuwa wake. Wazee walikaa siku tatu, wakamaliza kwa kutazama ubavu. Roba alimeza uchungu wake, na sasa binamu hao wawili walikuwa wakiswali safu moja.

"Ikionekana hii," Tadicha akasema polepole, "na sahihi ya yule msomi wa Nairobi chini yake, Roba atasema nini? Vijana wake watasema nini?"

"Naweza kuifunika chapa kwa rangi, mzee. Fremu moja tu zaidi."

"Ng'ombe bila chapa ni ya mwizi. Sasa mwizi ni mimi?"

Alipoondoka hakuaga. Hudson hakugusa chakula siku ile. Kila aliyepita mlangoni amevaa kikoi, Hudson alimdhani Roba, hata akaifunika kamba kwa turubai.

Jumatano basi likafika saa saba. Lavender aliingia na begi la kalamu, akafunua turubai mwenyewe, akapiga makofi kwa furaha.

"Hudson! Wewe ni fundi!"

"Dada, zimegeuka." Akatoa moja, akaiinua mlangoni dhidi ya jua, akamwita aje kwa nyuma. Kwa nyuma fahali alionekana kama alivyo hasa, chapa kushoto. Kisha akamweleza habari ya Roba, asiache kitu, kosa akilibeba yeye.

Lavender alikaa kwenye debe. "Nairobi nani atasoma ubavu wa ng'ombe?"

"Nairobi hakuna. Lakini picha hutembea. Moja itapigwa gazetini, gazeti litafika hapa limefungia sukari."

"Sina karatasi nyingine! Jumamosi nitundike nini? Ukuta?"

"Sijui, dada."

"Nipe nizitie sahihi."

Hudson akavuta kisu cha kukatia magunia, akasimama kati yake na kamba. "Hizi zimetoka mkononi mwangu. Hazitoki mlangoni."

Akaipasua ya kwanza toka pembe hadi kwato. Karatasi ya pamba haipasuki kimya. Akashika ya pili, akangoja kelele. Hazikuja. Ya nne ilipoanguka, Lavender aliinuka.

"Lete kisu," alisema kwa hasira. "Unakata ovyo. Zikikatwa, zikatwe asije mtu akaziunganisha."

Alikata ishirini na moja zilizobaki katikati ya chapa kabisa. Akakunja zile plastiki nne begini.

"Utarudi na karatasi?" Hudson akauliza.

"Sijui. Usiniulize leo."

Hudson alimsindikiza hadi stendi, hatua mbili nyuma yake. Roba alikuwa amesimama pale akingoja basi la Lamu. Alimnyooshea Hudson mkono, akamuuliza habari za kazi.

"Hakuna kazi," Hudson akasema, na akaushika ule mkono kwa mikono yote miwili.