Ndama Walikula Utafiti Wangu

Nilikuwa nimeshanyimwa ufadhili mara mbili, na hii ya tatu niliapa itakuwa ya mwisho. Nikikosa, naachana na shahada ya uzamili, narudi Kitengela kuuza dawa ya kupe kwenye agroveti ya shangazi yangu. Si kazi mbaya, lakini mimi nilitaka nyasi. Ndiyo, nyasi! Nilitaka kujua ni zipi kati ya nyasi zetu za asili zinazoweza kurudisha malisho kwenye mashamba ya Kajiado yaliyobaki vumbi na magugu. Kwetu walinicheka mpaka wakachoka.

Safari hii fomu ilitaka matokeo ya mwanzo, na kwenye mahojiano ulitakiwa uje na picha za vitalu vya majaribio. Kwa hiyo nikapanda aina nne za nyasi kwenye boma moja la Wamaasai upande wa Kajiado. Mimi ni Mkamba, na nimelelewa nikijua kwamba ukishaongea na baba mwenye shamba, umemaliza. Nikampelekea mzee barua ya chuo yenye muhuri. Akaisoma yote, akanikaribisha chai, akasema, "Shamba ni hili. Chagua."

Nikachagua pale palipokuwa tayari pamezungushiwa ua wa miiba, hatua chache kutoka nyumbani. Nikajiambia, ona bahati yangu, hata ua nimejengewa! Mke wa mzee alikuwa amesimama mlangoni akinitazama. Nikamsalimia, "Takwenya," akaitikia, "Iko," na mimi huyo, nikaendelea kupima na kamba yangu. Hata sikumwambia nimekuja kufanya nini. Elimu nyingi, adabu kidogo.

Nyasi zilistawi, wacha tu! Kila wiki nilikuwa pale napima urefu, naandika. Ile iliyorefuka kupita zingine ndiyo niliyoisifu kwenye andiko langu, na andiko likapita mchujo wa kwanza. Nikaitwa mahojiano.

Siku chache kabla ya mahojiano nikaenda kupiga picha. Nikakuta ua umefunguliwa. Ndani kulikuwa na ndama, wametulia kabisa, wanatafuna shahada yangu.

Nilipiga kelele. Naona aibu kusema, lakini nilipiga kelele na kofia nikairusha. Yule mama akatoka bila haraka yoyote, kibuyu cha maziwa mkononi.

"Unalia nini, mtoto wangu?"

"Yeyo, mama yangu, huu ni utafiti wangu! Mzee alinipa ruhusa!"

"Mzee alikupa shamba. Hapa si kwa mzee. Hii ni olopololi, malisho ya ndama, na mambo ya ndama na maziwa ni yangu. Mvua ikichelewa nafungua. Kila mwaka nafungua. Wewe uliniuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Miezi yote ile napita mbele ya mlango wake, kumbe nimepanda kwake bila ruhusa yake, na yeye amenyamaza tu kwa heshima ya mgeni. Nikakaa chini kwenye vumbi nikalia kabisa, kwa sababu nilijua mambo yameisha. Akakaa kando yangu, akaniacha nilie nimalize.

"Lakini hiyo ndefu yako," akasema baadaye, "hiyo unapimanga kila ukija, hawaitaki. Jana walianza na hii ya kona, wakaja kwa hii ingine. Ile ndefu walionja wakaacha. Leo pia, hivyo hivyo."

Nikainua macho. Kweli bwana! Ile ya kona, ambayo kwetu tunaiita mbeetwa, ilikuwa imekatwa mpaka karibu na mchanga. Ile ndefu yangu ilikuwa imesimama pale, nzima, hakuna anayeitaka. Nikafuta machozi, nikatoa daftari.

"Yeyo, nisamehe. Nilikukosea. Sasa niambie tena, polepole."

Akaniambia, nyasi moja baada ya nyingine: ipi inaongeza maziwa, ipi inamharisha ndama, ipi inabaki tamu hata ikikauka. Niliandika mpaka kalamu ikaisha wino.

Kwenye mahojiano walikuwa watu watano, wote wamenikazia macho. "Tuonyeshe vitalu vyako," mwenyekiti akasema.

"Vimeliwa."

Mmoja akavua miwani. Nikaona heri nife nikisema ukweli, nikawaeleza kila kitu, hata kofia sikuwaficha. "Nilikuwa napima urefu," nikasema, "na hakuna ndama anayekula urefu. Mkinipa nafasi nitaanza upya, na nitaanza kwa kuwauliza kina mama wenye ndama."

"Na huyo mama," akauliza mwanamke mmoja wa jopo, "kwenye mradi wako yeye ni nani?"

Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. "Ni mtafiti," nikasema. "Mimi ndiye mwanafunzi."

Barua ilipokuja nilikuwa namsaidia shangazi kuuza; nilipiga vigelegele katikati ya agroveti, wateja wakadhani nimeingiwa na kitu. Nimepata! Ufadhili wote, mpaka mwisho wa masomo! Sikungoja hata kesho. Nilienda moja kwa moja mpaka kwenye lile boma, na safari hii nikaanza kwa mlango wa mama. Mzee naye akavuta kigoda, akaketi. Nikawafunulia ukurasa wa kwanza wa ile barua, palipoandikwa watafiti wa mradi: wawili, mimi na mama.

Mama hakuwahi kuingia darasani hata siku moja. Akaweka kidole pale nilipomwonyesha jina lake, akakiacha hapo.

"Soma tena," akaniambia. "Na usome kwa nguvu, mzee asikie."