Mfua Mashuka Alighani Mwenyewe

Kwa miaka tisa mfua mashuka wa hospitali alituma mashairi redioni, na kwa miaka tisa mtangazaji aliyasoma kama anayesoma orodha ya dawa. Jumatano moja aliruka mstari mzima. Mama wa watu akaweka pasi chini.

"Leo kaniulia shairi," akamwambia mdogo wake, aliyekuwa akifua naye. "Wiki ijayo nakwenda kulighani mwenyewe."

Mdogo mtu alicheka mpaka akakalia kapu la foronya.

Jumatano iliyofuata, jioni, mfua mashuka alisimama mapokezi ya redio mikono ikinuka sabuni. Kipindi cha utamaduni kilikuwa hewani. Bendi inapiga, mhadhiri wa lugha yuko kwenye benchi akingoja zamu yake. Mtayarishaji akatoka mbio mbio.

"Nipe karatasi, mama. Tutalisoma."

"Mmeshasoma ya kutosha."

"Tuko moja kwa moja. Ukikwama, nchi nzima itasikia."

"Na nyie mkivunja mizani, nani hasikii?"

Mhadhiri aliangua kicheko. "Mpe nusu ya muda wangu. Nitafupisha."

Taa nyekundu ilipowaka, alianza kughani. Ubeti wa kwanza ulitoka mwembamba kama uzi. Akafumba macho, akajiweka kule kwenye mvuke na mngurumo wa mashine, ambako asiyepaza sauti hasikiki. Ubeti wa pili akaupandisha. Mpiga udi akaanza kumfuata chini kwa chini, bila kuambiwa. Lilikuwa shairi la mashuka: yaliyolaliwa na waliopona, na yaliyorudi baridi.

Alipomaliza, simu zikaanza. Dereva wa lori alikuwa ameegesha kando ili asikilize. Muuguzi aliomba ubeti wa mwisho urudiwe. Zikaita na kuita, hata mhadhiri akakosa na ile nusu yake, wala hakununa; alikuwa akinakili beti.

"Nimekuwa nikikuharibia, dada," mtangazaji akasema.

"Sana," akajibu. "Ila bila wewe nisingejulikana."

Mtayarishaji alimsindikiza hadi getini, safari hii taratibu, akamwomba aje kila Jumatano. Nafasi ni yake.

Mtaani alikuta madirisha wazi na watu wamejaa mlangoni kwake. Mdogo wake alikuwa katikati yao, sauti imemkauka kwa kueleza.

"Nimewaambia wote ni dada yangu," akasema. "Hata wale tusiosalimiana nao."