Mafuta Mekundu ya Jipi ya Viazi

Mawese yakipata moto wa kutosha, kabla kitunguu hakijaingia sufuriani, yanatoa harufu nzito inayokaa kwenye mapazia mpaka kesho yake. Wengine harufu hiyo inawatia njaa. Mimi inanirudisha gereji ya baba yangu, mtaa wa Jabe, Bujumbura, nilipokuwa msichana wa miaka tisa, na kwenye jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nyinyi ndio wa kwanza, basi msiwe na haraka ya kunihukumu.

Gereji ilikuwa ni ua wetu wa nyumbani. Baba alitengeneza magari upande wa mbele, mama alipika upande wa nyuma, na vitu vyao vilitembeleana bila kuomba ruhusa: spana kwenye kapu la vitunguu, mwiko kwenye sanduku la bolti. Kati ya magari yote Baba alijivunia moja, jipi ya zamani ya tajiri mmoja wa viazi. Alikuwa ameiinua juu na kuivisha magurudumu mapana ili ipite matope ya milimani. Magurudumu yale yalikuwa hayageuziki kwa nguvu za mikono, kwa hiyo Baba akatoa direksiyo, yaani mtambo wa usukani, ya gari lingine, ile inayosaidiwa na pompi ya mafuta, akaifunga humo. Usukani ukawa unazunguka kwa kidole kimoja. Wateja waliokuja kwa shida zao walionyeshwa kwanza kidole hicho.

Dereva wa jipi hiyo alikuwa Deo, mtu wa Kanyosha, Mkatoliki mpole wa maneno machache. Alipanda Bugarama, kwenye baridi ya milimani, akalala huko, na asubuhi akashuka na viazi. Jumapili alikunywa pombe ya ndizi na mashemeji zake, na hakulificha hilo.

Ramadhani ya mwaka ule bomba la direksiyo lilianza kuvuja. Baba akalibadilisha, kisha akaniambia nilete bidoni, kile kidumu kidogo cha mafuta mekundu kilicho nyuma ya mlango. Hapa lazima niwaeleze kidogo. Bidoni za mafundi wa kwetu hazikuandikwa kitu. Fundi alichovya kidole, akanusa, akagusisha kwenye ncha ya ulimi, akatema, na hapo alijua haya ni ya breki, haya ni ya direksiyo. Lakini mwezi wa kufunga, nani alambe mafuta? Tena Baba aliwazidi wenzake. Tangu asubuhi alijifunga kitambaa puani na mdomoni, asije akameza hata mvuke wa petroli, funga ikaharibika.

Nikaleta bidoni. Ilikuwa nyuma ya mlango kweli, ila mlango wa jiko. Baba aliangalia rangi, akasema bismillahi, akamimina juu ya mafuta yaliyobaki. Jioni, wakati wa kupika futari, mama akauliza nani amepunguza mawese yake ya kuungia maharagwe. Nilielewa palepale. Nikasema ni paka, na paka akapigwa.

Baada ya siku tatu Deo alifika adhuhuri badala ya asubuhi, shati limelowa jasho.

"Fundi, direksiyo inakataa," alisema. "Asubuhi kule juu usukani ni jiwe, pompi inalia kama mutoto. Nikishuka huku, inapona."

Baba alizungusha usukani kwa kidole chake. Ukazunguka. Akainua magurudumu ya mbele kwa jeki, akabonyeza mkanda wa pompi, akapapasa mabomba, akapima upepo wa matairi. Akafungua chupa ya mafuta: mekundu, yamefika kwenye alama. Jua la Bujumbura lilikuwa linawaka, na jipi haikuwa na kasoro yoyote.

"We Deo, gari iko muzima," Baba alisema nyuma ya kitambaa chake. "Labda mutu ndiye mugonjwa."

Watu wakacheka. Deo, kwa uaminifu wake, akaongeza neno lililommaliza kabisa: "Na ikipata moto, inanukia maharagwe."

Basi, ikawa kesi imekwisha. Baba akambandika jina Rwarwa, la ile pombe ya ndizi, na kabla ya magharibi Jabe nzima ilikuwa nalo. Lisemwalo lipo, walisema wanawake wa jirani. Deo akachelewa tena, na tena. Siku moja kwenye kona ya mteremko ilibaki kidogo tu aingie bondeni na mzigo wote. Tajiri akampa neno la mwisho: akichelewa mara moja tu baada ya Idi, ufunguo anapewa mwingine. Deo alikuja kumweleza Baba hayo bila kupandisha sauti. Alikuwa na watoto watano. Mimi nilikaa pembeni nikichambua mchele, na siri ya bidoni nikaificha, kwa sababu mkono wa Baba niliuogopa kuliko nilivyomhurumia Deo.

Siku ya pili ya Idi Baba aliamua kupanda naye Bugarama, ili amkamate mlevi kwa macho yake mwenyewe. Nililia mpaka akanichukua. Jioni ile Deo alikunywa chai tu, mbele yetu. Asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi ambayo sijawahi kuionja tena. Deo akawasha gari, pompi ikapiga ukelele. Baba akamsukuma pembeni, akashika usukani mwenyewe kwa mikono miwili, akakaza mpaka shingo ikavimba, na usukani haukusogea.

Akashuka, akafungua chupa. Mafuta yalikuwa yameganda, mazito, rangi ya chungwa. Hakuwa na kitambaa siku hiyo. Akachota kwa kidole, akanusa, akaweka ulimini, na hakutema. Halafu akaniangalia kupitia juu ya boneti, muda mrefu.

"Nini, fundi?" Deo aliuliza.

"Ni pompi," Baba alisema. "Pompi imekufa. Ulikuwa unasema kweli."

Deo akakaa kwenye majani yenye umande, akafuta macho kwa mkono wa koti. Tuliacha injini ipate moto, tukashuka. Baba alijifungia na jipi siku nzima, akamwaga mafuta yote, akafunga pompi nyingine, akaenda mwenyewe kwa tajiri kumtetea dereva. Deo akabaki na kazi yake. Alituletea gunia la viazi kushukuru, nasi tukala. Jina la Rwarwa halikumtoka.

Mimi nilimpenda Baba kupita kiasi baada ya hapo. Niliamini amejua kosa langu na ameamua kunifichia. Hakunigusa, hakuniuliza kitu, mpaka alipofariki.

Juzi nilikutana na Deo sokoni Jabe, anatembea kwa fimbo, mjukuu wake amebeba kapu. Muuza nyanya alimwita Mzee Rwarwa, naye akaitika bila kuona vibaya. Alinishika mkono akamwambia mjukuu wake: "Baba ya huyu ndiye mutu pekee aliyeniamini. Aliacha Idi yake, akapanda mulima kwa sababu yangu."

Ndipo nilipolielewa lile jicho la Bugarama. Baba hakuwa ananisamehe. Fundi mzima, na sifa zake zote, alikuwa ananiomba mimi, mtoto wa miaka tisa, ninyamaze.

"Ndiyo, mzee," nilimwambia Deo. "Alikuamini sana."